Maji ya moto bila makala: namna jua linavyopasha maji, na namna joto linavyokimbia usiku

"Kisangani na joto yote hii, maji ya moto ya nini?" Ndilo swali la kwanza mtu anakuuliza ukianza kuzungumza naye juu ya mashine ya kupasha maji kwa nguvu ya jua, ile watu wanaita kwa Kifaransa chauffe-eau solaire. Swali si baya. Wanaume wengi wa Kabondo wanaoga maji ya pipa asubuhi, wanatetemeka kidogo, kiisha wanapanda toleka kwenda kazini. Mambo yanaisha hapo.

Lakini uliza mama mwenye mtoto wa wiki mbili. Uliza yule anayemtunza koko wake wa miaka 80 ambaye mifupa inamuuma. Uliza mama aliyejifungua juzi, ambaye familia nzima inajua kwamba lazima aoge maji ya moto, asubuhi na jioni. Uliza mwenye restora ndogo anayeosha sahani zenye mafuta ya mawese kwa maji baridi. Mafuta hayatoki, yanahama tu kutoka sahani hii kwenda ile. Kwa hawa wote maji ya moto si anasa. Ni makala. Makala ni pesa, na pesa hiyo inatoka kila siku.

Tufanye hesabu kidogo. Maji ya robine au ya kisima hapa kwetu yako karibu digri 25 au 26. Ukitaka bidoni moja ya litre 20 ifike digri 50, inahitaji nguvu kidogo zaidi ya nusu ya kilowati-saa. Kilo moja ya makala mazuri iko na nguvu nyingi kuliko hiyo, lakini mbabula ya kawaida inapoteza sehemu kubwa sana: joto linapita pembeni ya sufuria, linapasha hewa, linapasha ukuta, linapasha hata wewe uliyekaa karibu. Kati ya sehemu 100 za nguvu ya makala, maji yanapata kama 10 hadi 20. Kwa hiyo bidoni moja ya maji ya moto inakula karibu nusu kilo ya makala. Kwa mwezi mmoja, bidoni moja kila siku, hiyo ni kilo 15. Ndani ya mfuko wa makala unaonunua, kuna sehemu ambayo haijapika pondu wala samaki. Imepasha maji tu.

Na makala hayo yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Munaona wenyewe baiskeli zinazoingia mjini asubuhi kutoka barabara ya Buta na ya Ituri, mtu anasukuma mifuko mirefu kuliko yeye. Huko Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa, shirika la utafiti wa misitu CIFOR limepanda miti pamoja na wakulima, na shabaha moja ni watu wapate kuni na makala bila kumaliza msitu mkubwa. Ni kazi nzuri, lakini mti unahitaji miaka. Jua liko tayari kila siku saa kumi na mbili.

Umeme? Tuache mzaha. Bwawa la mto Tshopo lilijengwa miaka ya 1950, wakati huu mji ukiitwa bado Stanleyville. Mashine zake ni tatu, na wakaaji wa Kabondo hawahitaji mwandishi awafundishe maana ya delestaji. Mtu akitumbukiza rezistansi ndani ya ndoo saa saba ya usiku kwa sababu umeme umerudi, hiyo si suluhisho. Hiyo ni hatari: waya umechoka, sakafu imelowa maji, mtoto anapita gizani.

Pano ya taa siyo ile

Kabla ya kueleza, tuondoe kwanza mchanganyiko mmoja. Watu wengi wakisikia "sola" wanafikiri pano, ile sahani ya bluu au nyeusi inayochaji betri, simu na taa. Pano inageuza mwanga kuwa umeme. Mashine ya kupasha maji haigeuzi kitu. Inapokea joto la jua na kulipeleka ndani ya maji, basi. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna kitu cha kuungua.

Tofauti hiyo ni kubwa katika mfuko. Chukua pano ya wati 100, ya kutosha kwa taa, radio na simu za nyumba nzima. Kwa siku nzuri itakupa kama theluthi ya kilowati-saa, labda kidogo zaidi. Nimesema juu kwamba bidoni moja inataka zaidi ya nusu. Maana yake pano hiyo nzima, ikifanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni, haiwezi hata kupasha bidoni moja mpaka digri 50. Lakini sanduku lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kioo, la ukubwa kama huohuo wa pano, linaweza, kwa sababu kupasha ni kazi rahisi kwa jua kuliko kutengeneza umeme. Kwa hiyo mtu akikuuzia pano na betri ili upashe maji ya kuoga, mwambie asante, uende.

Kazi tatu

Mashine ya jua inafanya kazi tatu: kukamata joto, kulipeleka kwenye maji, na kulichunga. Kwetu hapa ile ya kwanza ndiyo rahisi kabisa. Ya tatu ndiyo inashinda watu wengi, na ndiyo sababu unasikia mtu akisema, "Tulijaribu, haifanyi kazi." Inafanya. Joto limekimbia tu usiku.

Kukamata, kila mtu anakujua bila kusoma. Gusa mabati ya paa saa saba ya mchana. Acha kiti cheusi cha pikipiki juani dakika 20, kiisha ukalie. Rangi nyeusi inameza mwanga na kuugeuza joto. Mnamo mwaka 1767 mtaalamu mmoja wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye vioo na kuona kwamba ndani yake joto linapita lile la kuchemsha maji. Siri ni kioo. Mwanga wa jua unapita ndani ya kioo bila shida, unafika kwenye bati jeusi, bati linapata joto. Lakini joto hilo likitaka kurudi nje, kioo hakiliruhusu kupita kwa njia ile ile, na upepo nao hauwezi kuingia kulichukua. Gari iliyofungwa madirisha juani ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo chombo cha kukamata joto ni sanduku la mbao au la bati, lenye kina kama cha mkono uliofumba. Chini yake unaweka kitu cha kuzuia joto. Juu ya hicho unalaza bati jeusi lililoshikana vizuri na mabomba ya chuma au shaba, na juu kabisa kioo cha dirisha. Mabomba yanasimama sambamba sawa vile ngazi: bomba moja nene chini, moja nene juu, na membamba katikati yanayoyaunganisha. Neno "lililoshikana" ni la muhimu. Bomba likiwa limelala tu juu ya bati bila kubanwa, joto linabaki kwenye bati, maji yanapita baridi.

Usiweke ndani ya sanduku hilo tiyo ya PVC, ile ya kijivu ya bei rahisi. Siku maji yasipozunguka, joto ndani ya sanduku lenye kioo linaweza kupita digri 100, na PVC inalegea kabla ya hapo. Itajikunja na kuvuja, na wewe utasema jua ni baya.

Kupeleka joto kwenye maji kunafanyika bila pompu, na hapa ndipo mimi binafsi napenda mashine hii. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi kidogo, yanapanda. Yale baridi ni mazito, yanashuka. Kwa hiyo ukiweka tanki juu ya sanduku, ukaunganisha tiyo mbili, moja kutoka chini ya tanki kwenda chini ya sanduku, nyingine kutoka juu ya sanduku kurudi juu ya tanki, maji yanaanza kutembea yenyewe jua linapopiga. Baridi inashuka, inapita ndani ya sanduku, inapata moto, inapanda kurudi tankini. Wataalamu wanaita temosifoni. Hakuna mtu anayewasha, hakuna anayezima.

Lakini temosifoni iko na masharti yake. Tanki lazima liwe juu kuliko sanduku. Sehemu ya chini ya tanki ipite sehemu ya juu ya sanduku kwa sentimita 30 au zaidi. Ukiviweka sawa, mchana inafanya kazi vibaya na usiku inageuka: maji ya moto ya tanki yanashuka kwenye sanduku lililopoa, yanatoa joto lote angani. Sharti la pili: tiyo ya moto ipande tu, isishuke popote njiani. Ikiwa na mgongo kama wa ngamia, hewa inakaa pale juu na mwendo unakufa. La tatu, ambalo mafundi wengi hawalisemi: maji ndani ya tanki yasishuke chini ya ile tiyo ya moto inayorudi. Mukioga wote jioni na kuacha tanki nusu, asubuhi jua litapiga bure.

Wapi kioo kielekee

Hapa Kisangani tuko karibu juu ya ikweta, nusu digri tu upande wa kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinasema elekeza sanduku kusini, vya Afrika Kusini vinasema kaskazini. Kwetu sisi jua linapita juu ya kichwa: kutoka mwezi wa tatu hadi wa tisa liko kidogo kaskazini, miezi mingine kidogo kusini, na hata wakati liko mbali kabisa haliachi katikati ya anga kwa zaidi ya digri 24. Kwa hiyo upande si shida. Inua sanduku kidogo tu, digri 10 hadi 15, ili maji yapate kupanda na mvua isafishe vumbi kwenye kioo. Cha kuogopa zaidi ni kivuli. Mwembe wa jirani unaofunika sanduku kutoka saa nne hadi saa nane umekula siku nzima.

Na mawingu? Ndiyo, sisi si watu wa jangwani. Mvua inanyesha karibu miezi yote, na kuna asubuhi ukungu wa mto unakaa mpaka saa tatu. Hata hivyo mwanga unaopita ndani ya mawingu unapasha, ingawa kidogo. Tukichukua siku ya wastani, mita moja ya mraba hapa inapokea kama kilowati-saa 4 hadi 5. Sanduku la mita mbili za mraba, likipoteza nusu njiani, linatosha kupandisha litre 150 kutoka digri 26 hadi karibu 50. Maji ya digri 50 huwezi kuogea hivyo. Unachanganya ndoo moja ya moto na ndoo moja ya baridi, unapata mbili za digri 38, joto la mwili. Litre 150 zimekuwa 300. Siku ya mvua tangu asubuhi utapata vuguvugu, na siku hiyo mbabula itafanya kazi. Lakini itaanza na maji ambayo tayari yamepanda digri kadhaa, siyo baridi kabisa.

Usiku ndiyo mwizi

Sasa ile kazi ya tatu. Kuna watu hapa mjini walioinua pipa la litre 200, wakalipaka rangi nyeusi, wakaliacha juani. Ni wazo zuri na ni la zamani. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja wa Baltimore, Clarence Kemp, alipata hati ya ugunduzi wa kitu cha namna hiyo: matanki meusi ndani ya sanduku la kioo. Aliyauza vizuri. Lakini wateja walikuwa na lalamiko moja, na ni lile lile la Kabondo: jioni moto, asubuhi baridi.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Pipa wazi la litre 200 lililofika digri 50 saa kumi na moja ya jioni, usiku wa kawaida hapa kwetu, linapoteza digri moja na nusu kila saa, mwanzoni hata zaidi. Saa kumi na moja ya asubuhi limefika karibu digri 32. Yaani karibu robo tatu ya kazi ya jua imekwenda kupasha usiku wa Tshopo. Pipa lile lile likizungushwa sentimita 10 za unga wa mbao mkavu, na kufunikwa juu pia, asubuhi linaweza kuwa bado juu ya digri 44. Jua ni lile lile, rangi ni ile ile. Tofauti ni blanketi.

Ndivyo alivyofanya mwenzake wa California, William Bailey, mwaka 1909. Alitenga kazi mbili: sanduku la kukamata peke yake juani, tanki peke yake likiwa limefungwa vizuri kuzuia joto, na temosifoni kati yao. Akaita mashine yake kwa jina la mchana na usiku. Ile ya Kemp ikashindwa sokoni, na mpaka leo vile unavyoona juu ya hoteli za Nairobi au Kampala ni watoto wa wazo la Bailey. Kisha California ikapata gesi nyingi ya bei ya chini, watu wakasahau jua. Sisi hatuna gesi hiyo, kwa hiyo hatuna sababu ya kusahau.

Blanketi la tanki halitaki kitu cha kuagiza Dubai. Mji huu uko na maseremala kila pembe, na unga wa mbao wanautupa au kuuchoma. Maganda ya mpunga kwenye mashine za kukoboa ni mlima. Vyote viwili vinachunga joto vizuri kwa sharti moja: viwe vikavu na vibaki vikavu. Vikilowa, vinakuwa mabaya kuliko hewa tupu. Kwa hiyo tanki linakaa ndani ya sanduku la pili, katikati unajaza unga ukishindilia kidogo tu, juu unafunika na bati linalomwaga mvua nje. Mchwa watakuja, hao ni wakaaji wa Kabondo kabla yetu. Inua miguu ya sanduku kwenye chuma au saruji, na chunguza kila baada ya miezi michache.

Maji yenyewe yanatoka wapi

Mashine za dukani zimetengenezwa kwa nyumba yenye robine ambayo presha yake haikatiki. Katika avenyu nyingi za Kabondo, maji ya REGIDESO yanakuja yanapotaka, na wengine hawana robine kabisa, wanachota. Mtu anaweza kununua mashine nzuri na kuona haitoi hata tone, kwa sababu hakuna kinachosukuma maji.

Dawa yake ni ndogo. Juu ya tanki la moto unaweka pipa dogo la maji baridi, unalijaza kwa ndoo au kwa robine inapofika. Tiyo inashuka kutoka hapo na kuingia chini kabisa ya tanki la moto. Ukifungua robine ya kuogea, maji baridi yanaingia chini na kusukuma yale ya moto yatoke juu. Ndoo inaingia, ndoo inatoka. Usisahau tiyo nyembamba ya hewa kutoka juu ya tanki la moto, ipande kupita usawa wa pipa la baridi, na ibaki wazi. Ndiyo njia ya mvuke na ya maji yanayovimba kwa joto. Fundi akiiziba "ili joto lisipotee," amekutengenezea bomu.

Maji yenye udongo yachujwe kwa kitambaa kabla ya kuingia. Udongo unakaa chini ya mabomba membamba na baada ya mwaka hakuna kinachopita. Weka robine ya kumwagia uchafu sehemu ya chini kabisa.

Halafu uzito. Litre 200 za maji ni kilo 200, bila kuhesabu pipa, sanduku na kioo. Paa nyingi zetu ni mbao nyembamba juu ya matofali ya udongo, zimejengwa kubeba mabati tu. Munajua upepo unaokuja mbele ya mvua hapa, namna unavyong'oa mabati. Jenga meza ya mbao ngumu au chuma pembeni ya nyumba, miguu imezikwa ardhini, na ufunge kila kitu. Kitu cha kilo 200 hakiwekwi juu ya mahali watoto wanapolala.

Mambo matatu yanayoumiza watu

La kwanza ni kuungua. Mtu haamini kwamba jua linaweza kumchoma mtoto. Siku mbili za jua kali bila mtu kutumia maji, tanki zuri linaweza kupita digri 60, na maji ya digri 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, ya mtoto haraka zaidi. Kwa hiyo ndani ya beseni baridi inaingia kwanza, moto unafuata, na mama anajaribu kwa kiwiko, si kwa vidole vilivyozoea sufuria. Robine ya moto iwe juu mahali mtoto hafiki.

La pili ni kunywa. Hili nalisisitiza kwa sababu mji wetu umepigwa na kolera mara nyingi. Ule mlipuko wa 2011 uliofuata mto mpaka Kinshasa ulianzia hapa Kisangani. Maji ya vuguvugu hayajachemka. Kuwa moto mkononi hakumaanishi vidudu vimekufa. Tanki la jua ni la kuogea, kufulia na kuoshea. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama kawaida. Ukitaka kuyapika, tanki liwe safi, la chombo cha chakula, na maji yafike kuchemka motoni. Hapo unapata faida: maji yaliyoanza digri 50 yanahitaji theluthi moja pungufu ya makala kufika kuchemka. Kwa kituo cha afya ni hivyo hivyo: maji haya yanamwogesha mama, yanafua mashuka, lakini hayasafishi vyombo vya kuzalisha. Vyombo vinataka autoklevu au kuchemshwa kwa moto kweli.

La tatu ni pipa lenyewe. Sokoni mapipa yanauzwa bila historia. Lililobeba dawa ya mimea au kemikali haliwi la kuogea mtoto, hata ukilisugua wiki nzima. Rangi nyeusi ni ya nje tu, ndani usipake chochote.

Kwa mtu mwenye pesa kidogo

Nchi jirani zimeshaingia. Kenya mwaka 2012 ilitoa kanuni kwamba majengo yanayotumia zaidi ya litre 100 za maji ya moto kwa siku yaweke mashine za jua. Wenye nyumba walibishana nazo sana. Rwanda ilikuwa na programu yake, SolaRwanda, ya kusaidia familia kununua kwa bei nafuu. Kwetu hakuna wa kukulipia, na mashine kamili ya dukani, pamoja na usafiri wa kuja mpaka hapa, si ya mshahara wa mwalimu. Wenzetu wa Butembo na Bukavu, ambako usiku ni baridi kweli, wanaihitaji kuliko sisi na wanakutana na ukuta huo huo wa bei.

Lakini kuna hatua. Bidoni nyeusi ya litre 20, iliyosimamishwa kwenye ukuta unaopata jua tangu asubuhi, juu ya ubao na siyo ardhini, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, siku ya jua saa tisa inaweza kukaribia joto la mwili. Ukiifunga mara hiyo hiyo ndani ya sanduku la maganda ya mpunga, au hata ndani ya blanketi nzito, itabaki ya kuogea mtoto jioni. Gharama yake ni karibu hakuna. Hatua ya pili ni pipa ndani ya sanduku lenye kioo, na mfuniko wa mbao uliojazwa unga wa mbao, ambao unaufunga kila jioni saa kumi na moja kama vile unavyofunga kuku. Mfuniko huo, mtoto wa miaka 10 anaweza kuusimamia. Hatua ya tatu ndiyo temosifoni kamili, na hiyo nafikiri inafaa zaidi kwa materinite za mtaa, hoteli ndogo, au parseli ambayo familia tatu zinachangia.

Ukifika kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kabla ya kutoa hata franka moja, muulize maneno manne: tanki litapita sanduku kwa sentimita ngapi, hewa itatokea wapi, bomba limeshikana na bati namna gani, na usiku utalifunika tanki na nini. Akijibu yote bila kutazama pembeni, mpe kazi. Akijibu matatu ya kwanza na kucheka la nne, ongeza mwenyewe unga wa mbao. Na mwambie achomelee siku ya mvua, siku ya jua ajaze maji na kukaa hapo mpaka saa tisa, mushike pamoja tiyo mbili za sanduku: ya juu iwe moto, ya chini iwe baridi. Zikiwa sawa, maji hayatembei, na hesabu ya mwisho isilipwe bado.